Wakishacheka, Fungua

Baba yangu hakai ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Nyumbani kwetu Kimaka, pembeni mwa Jinja, jambo hili ni kama sheria ya nchi, ila sheria za nchi zimebadilika mara nyingi tangu nizaliwe na hii haijabadilika. Anashona barazani na kula barazani. Usiku analala kizingitini, kichwa ndani na miguu nje, na sisi wengine tunapita pembeni yake kwa adabu.

Sababu yake inajulikana na haisemwi. Mwaka wa 1978 afisa mmoja wa jeshi alimletea kitambaa amshonee suruali. Suruali ilitoka fupi kwa inchi mbili, au afisa aliongezeka inchi mbili, mashahidi wanatofautiana. Baba akachukuliwa, akawekwa peke yake katika chumba kimoja cha kambi ambayo Mama hajawahi kuitaja jina, miezi saba. Kilichomtoa ni vita. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata walinzi walikimbia, na mtu asiyemjua akavunja kufuli kwa jiwe. Tangu siku hiyo hajatamka neno la Kiswahili. Anakijua kuliko mimi, alikulia nacho msikitini na sokoni, lakini mteja akimwamkia kwa Kiswahili, Baba humjibu kwa Kisoga, lugha ya kwetu, na akizidi kukisema, humjibu kwa sauti ya mkasi.

Hayo yote nilipewa na Mama vipande vipande, tukichambua mchele.

Mwaka wa 1987 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana Mbale, upande wa Malukhu. Nchi ilikuwa inajijenga upya, kwa mujibu wa redio, na mimi nilikuwa nachangia kwa kadiri ya uwezo wangu. Nilikuwa nimetia chumvi katika sukari ya viranja. Nilikuwa nimetangaza nyoka bwenini mara tatu, mara moja kwa ushahidi wa mkanda. Milly, aliyelala kitanda cha juu yangu, alivunjika jino katika nyoka wa pili, na tangu hapo aliapa kwamba hata nikiungua moto atasubiri kwanza aone moshi.

Aliyetufundisha Kiswahili na kuongoza maigizo alikuwa Mwalimu Enos Wanyama, Mkenya wa pande za Bungoma, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Aliandikisha insha juu ya upweke. Wenzangu waliandika juu ya yatima. Mimi niliandika juu ya mtu aliye peke yake chumbani miezi saba, bila kumtaja jina. Mwalimu aliisoma mara mbili mbele yangu, akavua miwani, akasema hilo ndilo igizo letu la mashindano ya shule za mashariki, yatakayofanyika Jinja mwezi wa saba. Nilimwambia kwamba mtu huyo yupo hai na inabidi aulizwe. Akasema basi niende nikamwulize.

Likizoni nilimwuliza Baba. Alikuwa anapinda ukingo wa gomesi ya mtu, lile vazi refu la wanawake wa kwetu. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, akautazama uzi muda mrefu.

"Wataona nini?" aliuliza.

"Mtu aliye peke yake, Baba. Basi."

Akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Mlango usifungwe."

"Mlango upi?"

"Wa huo ukumbi. Watu wakiwa ndani, usifungwe hata kidogo. Niahidi."

Nikaahidi, tena kwa wallahi. Akasema yeye mwenyewe ataangalia akiwa nje, dirishani, na akaendelea na gomesi.

Mazoezi yalianza. Mwalimu Enos hakutaka chumba cha mapazia. Alikwenda kwa fundi Mafabi kule Namakwekwe, akamwagiza sanduku la mbao za makreti: refu hatua mbili, pana hatua moja na nusu, lenye tundu moja la ukubwa wa kiganja upande wa watazamaji, na mlango mdogo wenye kipingo cha nje. Cha nje, alisisitiza, maana mfungwa hajifungii. Aliyepewa kazi ya kipingo alikuwa Milly. Mfungwa nilikuwa mimi. Igizo lilikuwa hivi: askari anaingia, anapiga kelele, anaondoka, na nusu saa nzima iliyobaki ni mtu sandukuni, anaonekana uso kipande na mkono kipande, anaongea na hakuna wa kumjibu.

Siku ya kwanza nilikaa humo saa moja, kwa majaribio. Nusu saa ya mwanzo niliimba na kuwasimulia wenzangu hali ya hewa ya sandukuni. Nusu saa ya pili walikwenda kula. Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba nilijikuta nimeshika tundu kwa vidole vinne kama mtu anayeweza kuanguka, na Milly alipofungua nilimwambia nilikuwa nimelala.

Askari alikuwa Maximilla, binti wa dereva Mkenya wa malori ya barabara kuu. Alikuwa mrefu kuliko walimu wawili na Kiswahili kilimtoka kama maji ya bomba. Sisi wengine tulikiongea kwa kujikwaa, na majumbani kwetu hakikuongewa. Kilikuwa lugha iliyokuja na buti. Maximilla hakuyajua hayo. Kwake kilikuwa lugha ya mama yake na ya kununulia nyanya. Alipokemea mazoezini sote tulicheka, kwa sababu tulimjua, na kwa sababu chini ya sare ya kuazima alivaa soksi za njano.

Hapo ndipo akili yangu iliponiponza. Niliona askari akitokea nyuma ya jukwaa ni jambo baridi. Nikamwambia Maximilla, faraghani, atokee nyuma ya watu. Aingie kwa mlango mkuu wa ukumbi, aubamize, asukume komeo, aseme maneno yake. Wageni waheshimiwa wataruka vitini kama panzi, kisha watagundua ni mtoto wa shule, watacheka, na hapo atafungua mlango na igizo litaendelea.

"Nitajuaje ni wakati wa kufungua?" aliuliza.

"Wakishacheka, fungua."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu atafurahi pamoja na wageni."

Sikusahau ahadi. Niliifanyia uchunguzi wa kisheria. Ahadi ilitolewa kwa ajili ya Baba. Baba atakuwa nje dirishani. Mlango ukifungwa kwa muda wa kicheko kimoja, hautamfungia yeye. Nilijitetea, nikajihukumu na kujiachilia huru, yote kabla ya kengele ya usingizi.

Tulisafiri kwa lori la shule kupitia Tororo na Iganga, sanduku limelazwa kati yetu. Kwenye vizuizi askari wa serikali mpya walituuliza kwa upole limebeba nini, na Mwalimu akasema limebeba sanaa. Tulifika Jinja Jumamosi mchana. Ukumbi ulikuwa wa zamani, na mlango mmoja tu mkubwa, wa mbao nzito, usioshika bila komeo. Madirisha yalikuwa juu, isipokuwa moja la upande wa baraza, na chini yake, kwa nje, nilimwekea Baba kiti kwa mikono yangu.

Mwalimu alitaka watazamaji wanapoingia wamkute mfungwa tayari yupo, kama ilivyo kawaida ya wafungwa. Kwa hiyo niliingia sandukuni saa tisa na nusu, Milly akasukuma kipingo, na nikaweka jicho tunduni.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Wafanyabiashara wa sokoni wenye kofia zao, wake zao, walimu, waamuzi watatu mbele na karatasi zao. Umri wa wengi ulikuwa kama wa Baba na Mama. Nilimwona Mama akiingia na gomesi yake ya kijani. Alikuwa amemshika mtu mkono. Mtu huyo alikuwa Baba.

Alisimama mlangoni kama mtu anayepima kina cha maji. Alitazama mlango: ulikuwa wazi, umeegemea ukuta, kama alivyoahidiwa. Mama alimwambia kitu. Nilikuja kujua baadaye alimwambia kwamba mtoto ameapa. Baba akaingia. Hakukaa karibu na mlango. Alikuja hadi mstari wa tatu, katikati, watu kumi huku na kumi kule, akakaa na mikono magotini, akalitazama tundu langu. Miaka minane hakuwa ameingia ndani kiasi hicho.

Nilielewa mara moja nimefanya nini. Hukumu yangu ya kujiachilia huru ikatenguka palepale.

Niligonga mlango mdogo. "Milly. Fungua."

Milly alikuwa nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kwangu. Alininong'oneza ninyamaze, watu wanasikia.

"Milly, Baba yangu yuko ndani ya ukumbi. Mwambie Maximilla asifunge mlango."

"Mlango gani?"

Nikakumbuka kwamba Milly hakuambiwa chochote, maana ilikuwa siri, na siri ilikuwa yangu. Nilianza kumweleza upesi upesi, komeo, askari, panzi, kicheko, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kuwa mwongo.

"Hata leo, Namukose?" alisema. "Hata leo? Hunipati."

Nikasikia kandambili zake zikienda mbali.

Nikagonga kwa ngumi. Nikaita jina la Mwalimu. Ukumbini watu walinyamaza kunisikiliza, na mwamuzi mmoja akaandika kitu. Nilipitisha mkono tunduni hadi kiwiko, nikauelekeza mlangoni, nikaupunga. Mwanamke wa mstari wa mbele akatikisa kichwa kwa huruma. Nikapaza sauti, "Mlango! Usifungwe mlango!" na Mwalimu Enos, aliyesimama pembeni ya jukwaa, akafumba macho kama mtu anayeonja asali. Maneno hayo hayakuwemo katika igizo. Alidhani nimeyavumbua.

Nilikuwa napiga kelele mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyenisikia.

Baba pekee ndiye aliyekunja uso. Aligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa bado wazi. Akageuka tena kunitazama, na akawa anaanza kuinuka, sijui aje kwangu au aondoke, ndipo buti zilipolia barazani.

Maximilla aliingia kwa hatua nne. Akaubamiza mlango, akasukuma komeo, na chuma kikalia ukumbi mzima. Akasimama mbele yake, mrefu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Kimya. Nyote mko chini ya ulinzi. Asitoke mtu hapa."

Alisema vizuri sana. Sijawahi kumsikia akisema vizuri hivyo.

Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyepiga kelele. Kwanza nilisikia mkwaruzo mdogo, kisha mwingine, kisha mingi, kama mvua inayoanza kwenye majani makavu. Walikuwa wanavua viatu. Hakuna aliyewaambia wavue. Walivua viatu, wakavua saa, wakaziweka sakafuni mbele yao kwa mpangilio, wakateremka kutoka vitini na kukaa chini, mikono kichwani, macho kwenye sakafu. Waamuzi pia. Mama pia, na gomesi yake ya kijani imejaa vumbi. Walifanya haraka na vizuri, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi, kama watu waliofanya mazoezi mengi kuliko sisi.

Wanafunzi wa shule nyingine waliowazunguka walicheka kidogo, wakatazama wazazi, wakaacha.

Maximilla alidhani watu wamependa. Nilimwona akizuia tabasamu. Alikuwa anasubiri kicheko cha wakubwa ili afungue, kama nilivyomwagiza, na kicheko hakikuja. Akarudia maneno yake kwa sauti ya juu zaidi. Mzee mmoja karibu naye akalala kifudifudi.

Baba alikuwa amevua viatu. Aliviweka sambamba, kisigino kwa kisigino. Mikono yake ilikuwa kichwani na midomo ilikuwa ikitembea. Nilikuwa nimewahi kujiuliza alikuwa na uso gani mle chumbani. Sasa niliuona, na ni mimi niliyemrudishia.

Niligonga sanduku. Niligonga tu kwa kiganja, bila mpango, kwa kuwa mikono haikujua kitu kingine cha kufanya, na katika ukumbi ule ulionyamaza ilikuwa sauti pekee.

Baba akainua kichwa. Akasikiliza. Akashusha mikono, akasimama, akapita katikati ya watu waliokaa chini, kwa soksi, bila kumkanyaga mtu hata mmoja. Mama alimvuta kanzu, ikamponyoka. Alipanda jukwaani na kuweka kiganja chake juu ya mbao, pale nilipokuwa nagonga. Kisha akageuka kwa askari aliyekuwa mwisho wa ukumbi, na akasema kwa Kiswahili, sauti yake ikiwa na kutu:

"Afande. Kuna mtu humu."

Maximilla aliduwaa. Kofia ilimwinuka, na uso wa mtoto ukaonekana. Alitazama watu chini, viatu, saa, na nadhani ndipo alipoanza kuelewa.

"Mzee," alisema, "mimi si afande. Mimi ni Maximilla."

Baba alitafuta kipingo kwa vidole, akakipata, akakivuta. Nilitoka nikimwomba msamaha kwa Kisoga na Kiswahili vikichanganyika. Hakunijibu. Alinishika kifundo cha mkono kama unavyomshika mtoto barabarani, tukashuka na kwenda mlangoni. Nikanyoosha mkono kwenye komeo.

"Niache," alisema.

Komeo lilimshinda mara mbili. Kidole gumba kilikuwa kikiteleza juu ya chuma. Maximilla alikuwa hatua moja kutoka kwake na mimi nilikuwa karibu zaidi, na hakuna aliyethubutu. Mara ya tatu likatoka. Jua la saa kumi likaingia sakafuni hadi mstari wa tatu.

Watu hawakukimbia. Waliinuka taratibu, wakatoka na viatu mikononi, bila kutazamana, wakaenda kusimama nyasini. Mtu mmoja akaanza kucheka peke yake na mkewe akamziba mdomo. Mwalimu Enos alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, anasema, "Sikujua. Haki ya Mungu sikujua." Nilimwambia kwamba ni mimi. Nilimwambia yote, mbele ya mwamuzi mkuu, ambaye alikuwa bado ameshika kiatu kimoja. Mwamuzi alisema shule yetu imeondolewa mashindanoni, kisha akaomba maji.

Maximilla alivua buti na ile kofia. Alirudi ndani kukusanya saa na viatu vilivyosahauliwa, akavigawa nyasini mmoja mmoja. Aliniuliza kuomba radhi kunasemwaje kwa Kisoga. Nikamwambia. Alilisema neno hilo vibaya mara arobaini, kwa kila mtu peke yake, huku machozi yakimtiririka, na kwa Kiswahili hakusema tena kitu siku ile.

Baba alikuwa ameketi kwenye kile kiti chini ya dirisha. Mama alisimama nyuma yake. Nilipiga magoti mbele yake kama tunavyofundishwa, ila safari hii sikufanya kwa kuwa nimefundishwa.

"Uliapa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilikaa mstari wa tatu kwa sababu uliapa."

Mimi, ambaye mwalimu mkuu aliwahi kuandika kwenye ripoti yangu kwamba nina majibu mengi kuliko maswali, sikuwa na hata moja. Watu wengine walikuwa wanaondoka; wengine, sijui kwa nini, hawakuondoka.

Baadaye aliuliza, "Baada ya askari kulikuwa na nini?"

"Nusu saa ya mtu peke yake."

"Anafanya nini?"

Nikamweleza: anatembea, anagonga, analia, anamwita mke wake, anazungumza na buibui.

"Nionyeshe."

Nilisita. Sanduku lilikuwa ndani. Akachora nyasini kwa kisigino cha soksi, hatua mbili kwa moja na nusu, bila kupima. Nikaingia katika mchoro. Nikatembea nilivyozoea, nikashika kichwa, nikaanza kulia kilio kilichomtoa machozi mpishi wa shule.

"Hapana," alisema.

Nikaanza upya, polepole zaidi.

"Hapana. Hicho ni kilio cha mtu mwenye mtu wa kumsikia." Akainuka. "Mwezi wa kwanza ndiyo. Baadaye huwezi kupoteza maji. Toka hapo."

Nikatoka. Baba akaingia ndani ya mistari, akageukia ukuta ambao haukuwepo, akachuchumaa na mgongo ukiwa umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye mstari. Alieleza kwamba ukuta ule ulikuwa na unyevu, kwa hiyo hauegemewi. Alieleza jinsi ya kugeuka bila kupata kizunguzungu, na kwa nini mtu huchagua kona moja na kuiacha nyingine tupu, ili awe na mahali pa kwenda kutembelea. Alisema kwa Kisoga, na penye maneno ya walinzi alisema kwa Kiswahili, kama yalivyosemwa. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nyasini watu walisogea, wengine bado wana viatu mkononi, na mzee yule aliyelala kifudifudi akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, kona moja huachwa.

Baba alimtazama muda mrefu. Kisha akasogea kidogo ndani ya mistari, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

Nilipiga magoti tena, nikamwuliza kama amenisamehe.

"Bado," alisema. "Simama hapa karibu. Tazama miguu."